Bi Pimbi, Kiboko na Chaja ya Matundu Mengi

Ngano, ngano!

—Ije, tumekaa!

Mmekaa kweli, au mmekaa na simu?

—Tumekaa, tumezizima!

Uongo mtupu. Naona mwanga unamulika chini ya kanga ya Shamsa. Zima, mwanangu, ngano haipendi kushindana na vitu vinavyowaka. Haya. Palitanda!

—Palitanda nini?

Palitanda ukungu, juu ya kilima.

—Utande, tuingie!

Tumeshaingia. Tulieni.

Ukungu wa kilima kile haukuwa huu wetu, unaopita asubuhi na kwenda zake. Ulikuwa mzito, laini, unaingia nyumbani kwa mtu bila hodi na kukaa kitako. Kutwa wanyama wako nusu macho, nusu usingizini. Digidigi anasinzia amesimama. Kobe anasinzia anatembea, na hakuna anayeona tofauti. Hata ndoto zenyewe zilipotea njia. Ndoto ya Digidigi inatoka, inapapasa, inapapasa, inaingia kwa Kobe. Kobe anaamka miguu inamuuma, eti amekesha akiruka vichaka.

Basi wakawekeana desturi. Ukiota ndoto ukajua si yako, unamtafuta mwenyewe, unapiga hodi, unasema: "Nimekuletea ndoto yako." Unamsimulia mwanzo hadi mwisho. Naye hawezi kuikataa. Anaipokea, anaifuata inavyosema. Kukaa na ndoto ya mtu kulikuwa aibu kuliko kukaa na sufuria yake. Na ninyi mnaokaa na sufuria za watu mnajijua, sitaji mtu.

Juu ya kilima hicho, kwenye mawe, aliishi Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Kanyama kanono, hakana mkia, kana sura ya mtu aliyeamshwa sasa hivi. Bi Pimbi alikuwa mjane. Mumewe alikuwa Mzee Mwinyimvua, na tangu alipozikwa, Bi Pimbi hakuwahi kumwota. Kila akilala anamngoja. Anaota majani, anaota mvua, anaota shughuli za watu asiowajua. Mumewe haji. "Ndoto yangu imepotelea kwa nani jamani?" anauliza, na machozi yanamtoka. Alimkumbuka sana yule mzee.

Sasa binti yake, Siwema, alikuwa ameolewa ng'ambo ya pili ya kilima, na siku hiyo alishikwa na uchungu. Kwa pimbi, bibi mzaa mama ndiye anayetoa jina, na analitoa siku ileile, kabla ukungu haujafunga. Ukungu ukifunga bibi yuko kimya, jina linatolewa na upande wa baba. Na upande wa baba walikuwa na jina lao tayari mdomoni, la mjomba wao mmoja aliyekufa kwa kuvimbiwa.

Siwema alipiga asubuhi. "Mama, nikijifungua tu nakupigia. Nataka jina la baba. Mama, usiache simu izime!"

"Haizimi, mwanangu."

Bi Pimbi akaitazama simu. Kimstari chekundu, chembamba, kinapepesa. Chaji inakwisha!

Umeme katika nchi ile ulikuwa mahali pamoja tu: kijumba cha bati walichokiacha watu waliokuwa wakipima mvua. Juu ya bati kuna sola. Ndani kuna soketi mbili, moja mlangoni, moja chini ya dirisha. Jua likipenya ukungu, umeme unakuja. Ukungu ukifunga, umeme unakwenda kulala na wenzake.

Na nani amelala ndani ya kijumba? Kiboko! Alipanda kutoka mtoni, du, du, du, akajitandaza sakafuni, kichwa mlangoni, makalio dirishani. Soketi ya mlangoni imeshika laptopu yake, anayotazamia video ya yeye mwenyewe akioga. Soketi ya dirishani imeshika simu yake. Pembeni vinasubiri simu yake ya pili, spika yake, feni yake na tochi yake. Akimaliza hiki, anachomeka kile. Akimaliza kile, anarudia hiki.

"Hodi, Bwana Kiboko," akasema Bi Pimbi.

"Hwaaaa!" Kiboko akapiga mwayo, ukungu wote wa chumbani ukaingia mdomoni na kutoka tena. "Nani?"

"Mimi, baba. Naomba kuchaji kidogo tu. Binti yangu anajifungua."

"Ngoja nishibe."

"Utashiba lini, baba?"

"Nikishiba utaniona nimeshiba." Akafumba macho.

Bi Pimbi akatoka nje, akakaa juu ya jiwe, akalia kilio cha kimyakimya. Mara akasikia mabawa. Kraa! Kraa! Kunguru, mchuuzi wa vitu vya mjini, ametua na kifurushi chake.

"Bibi, mbona macho mekundu? Nimeleta chaja! Chaja za ukutani, za kisasa, unachaji vitu vingi kwa mpigo. Zimebaki mbili."

Akaziweka juu ya jiwe. Moja kubwa, pana, imejaa matundu kutoka juu hadi chini, na kila tundu lina kijitaa chake: kijani, buluu, kijani, buluu. Nyingine ndogo, inaenea kwenye kiganja, ina matundu matatu, haina taa hata moja. Imenuna tu.

Kobe na Digidigi wakasogea. "Hii kubwa!" wakasema pamoja. "Ona inavyometameta!"

"Subirini," akasema Bi Pimbi. "Kunguru, mwanangu, zigeuze nizione matumbo."

Kunguru akazigeuza. Tumboni kuna maandishi madogo kama mayai ya siafu. Akayasoma, akakohoa, akatazama pembeni.

"Sema kweli. Mimi ni bibi yako."

"Bibi, matundu ni midomo. Uji ni ule ulioandikwa tumboni, zile wati. Hii kubwa ina midomo mingi, lakini sufuria yake ndogo. Ukichomeka kitu kimoja kinakunywa polepole. Ukichomeka vingi, vinalambishana vijiko. Laptopu haitapata hata tone."

"Na hii iliyonuna?"

"Hiyo sufuria yake kubwa. Kwanza inaiuliza simu, 'Mwenzangu, unataka kiasi gani?' Simu inajibu, nayo inaipa kiasi hicho hicho. Simu ikiwa peke yake inajaa upesi. Zikiwa tatu zinagawana, na zote zinashiba."

Bi Pimbi akaiweka ile ndogo sikioni. Akafumba macho, ukungu ukampita usoni, akahisi anaisikia ikinong'ona: unataka kiasi gani? "Nataka muda wa kutaja jina moja," akaijibu. Akaichukua kwa bakuli la karanga.

"Na kubwa niipeleke wapi?" Kunguru akauliza.

"Kaa nayo hapo hapo," akasema Bi Pimbi. "Mwenyewe yuko ndani."

Akarudi mlangoni, akapiga hodi kwa heshima zote.

"Bwana Kiboko, nimekuletea ndoto yako."

Kiboko akafumbua jicho moja. Ndoto, hata mlafi haikatai. "Ilikuja kwako?"

"Jana, baba. Iliingia bila viatu. Nikajua si yangu, ilikuwa pana mno."

"Simulia."

"Nimekuona umekaa hapo mlangoni. Mbele yako kuna chaja kubwa, ina matundu mengi na taa za kijani na buluu. Vitu vyako vyote vimechomekwa humo humo. Vyote! Vinakunywa pamoja, nawe unacheka."

"Nacheka?"

"Mpaka meno ya nyuma yanaonekana."

Kiboko akainua kichwa. Kule nje kwenye ukungu, taa: kijani, buluu, kijani, buluu. "Ni ile!" akanguruma. "Kunguru! Lete ndoto yangu hapa!" Akatoa boga zima, boga la wiki nzima, akaipata chaja.

Akaichomeka mlangoni. Tak! Taa zikawaka. Akachomeka laptopu. Akachomeka simu ya pili. Akangoja. Laptopu ikaandika kuwa inachaji, ikafuta maneno hayo, ikaandika tena.

"Mbona haipandi?"

"Lo, baba! Umeacha matundu wazi," akasema Bi Pimbi. "Si ndiko umeme unakovujia?"

Hapo ndipo Kiboko alipokosea, kosa la kiumbe wa mtoni. Kwa mtu aliyezaliwa majini, kila tundu linavuja. Hakuwaza mara mbili. Akachomeka spika. Tak!

"Mbona haipandi?"

"Limebaki wazi lile la chini, baba. Sikia linavyotoa. Ssssss."

Kiboko akatega sikio, na akaisikia kabisa ile ssss. Akachomeka feni. Tak! Akachomeka tochi. Tak!

"Mbona haipandi?"

"Limebaki moja tu. Moja! Ssssss."

Kiboko akatafuta huku, akatafuta huku. Waya zimekwisha. Akaona waya mmoja umebaki, kule dirishani, kwenye simu yake ya kwanza. Akajigeuza mwili mzima, nyumba ikatikisika, akauchomoa. Akajigeuza tena, akauchomeka mlangoni. Tak! Matundu yote yakajaa. Kiboko akakaa mbele ya chaja yake, akaikumbatia kwa mikono miwili, mgongo ameupa dirisha.

Na soketi ya dirishani ikabaki peke yake, haina mtu.

Bi Pimbi akazunguka nyuma ya nyumba, tipu, tipu, tipu. Akapenya dirishani, akachomeka chaja iliyonuna. Tak, ndogo sana. Akaunga simu yake. Kimstari chekundu kikapepesa, kikapepesa, kikawa kijani. Kikaanza kupanda, huku na yeye pumzi zinampanda. Digidigi akapitisha waya wake kutoka nje. Kobe akapitisha wake, ingawa mpaka afike, shughuli ilikuwa karibu kwisha. Wote watatu wakasimama dirishani, ukungu umewafika kiunoni, wanatazama simu zikinywa.

"Bi Pimbi!" Kiboko akaita bila kugeuka. "Matundu yamejaa. Laptopu imezima. Feni inazunguka mara moja, inapumzika. Kwenye ndoto ilikuwaje?"

"Kwenye ndoto ulilala, baba. Usingizi mzito."

"Hwaaaa," akasema Kiboko, na kweli usingizi ukamjia.

Ukungu ukaanza kushuka kutoka kileleni. Ukayafunika mawe, ukaufunika mlango. Bi Pimbi anatazama ukungu, anatazama simu. "Piga, mwanangu. Piga, piga, piga."

Ngriii! Ngriii!

"Mama! Mwanamume! Wakwe wamesimama hapa, wananihesabia pumzi. Jina, mama!"

"Mwinyimvua!" Bi Pimbi akapiga kelele mpaka bati likalia. "Anaitwa Mwinyimvua! Waambie wote, Mwinyimvua!"

Ng'ambo vigelegele vikapasuka. Ukungu ukafunga. Umeme ukaenda kulala, lakini simu ilikuwa imeshiba, na Bi Pimbi alikaa nayo kifuani akisikiliza kitoto kikilia mpaka kikanyamaza.

Kesho yake kulipopambazuka, akasikia mawe yanatikisika. Du, du, du. Kiboko anapanda kwake! Amejua. Leo nimekwisha, akawaza.

Kiboko akasimama mlangoni, jasho linamtiririka. Akakohoa.

"Hodi, Bi Pimbi. Nimekuletea ndoto yako."

Bi Pimbi akachungulia nje.

"Nimekaa nayo siku nyingi, nisamehe," akasema Kiboko. "Kuna mzee mmoja, pimbi, ananijia kila nikilala. Anakaa juu ya jiwe lililolowa, anacheka na mvua. Sikujua wa nani. Pimbi wote kwangu sura moja. Halafu, niseme kweli, alikuwa mtamu, nikamng'ang'ania. Kila mara ananiuliza, 'Jina langu, Mwinyimvua, amepewa nani?' Namwambia sijui. Jana kelele yako dirishani ikaniamsha, nikakusikia unalitaja. Nikalala tena, akaja, nikamwambia: amepewa mjukuu wako."

"Akasemaje?" Sauti ya Bi Pimbi ilikuwa ndogo sana.

"Alicheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Halafu akasimama, akaniambia nimlete nyumbani." Kiboko akainamisha kichwa chake kikubwa. "Wewe ulinirudishia yangu bila kukaa nayo. Nikaona aibu."

Bi Pimbi akamtazama. Akafungua mdomo amwambie ukweli wa ile ndoto ya matundu. Akaufunga. Akamkaribisha ndani, wakakumbuka hawezi kuenea, basi wakakaa nje wote wawili kwenye ukungu, na akamwomba amsimulie tena, kuanzia pale kwenye jiwe. Siku hiyo Bi Pimbi alilala mchana kweupe. Na aliyemngoja akaja.

Ngano yangu imefika mlangoni. Ikiwa tamu, kaleni nayo wali. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe, nitaitia sukari.

—Funzo, bibi! Funzo!

Funzo? Funzo liko wazi. Kwanza, msidanganye kamwe, mmeona wenyewe uongo haujawahi kumfaa mtu. Pili, mkienda dukani kununua chaja, msihangaike kuigeuza tumbo. Chukueni yenye matundu mengi na taa nyingi, mjaze yote, umeme usivuje.

Nacheka nini? Sicheki. Shamsa, hebu niazime hiyo chaja yako ndogo iliyonuna. Yangu ina matundu kumi, na simu imezima tangu asubuhi.