Mstari Mmoja wa Derrick

Wahenga hawakuwa na haya; walipotaka kuonya walitaja hata tumbo la mtu. Walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, yaani anayeahirisha jambo mpaka liwe kamili mwishowe huambulia maumivu. Derrick Utley wa Rotherham, Uingereza, hakuwahi kuisikia methali hiyo, lakini maumivu yenyewe aliyapata.

Novemba ile daktari alimwambia Neville, kaka yake Derrick, kwamba mapafu yaliyokula vumbi la kiwanda cha chuma miaka thelathini hayangemfikisha Pasaka. Neville alinywa chai yake hadi ikaisha, kisha akatoa ombi moja.

"Nitungie wimbo, mdogo wangu. Wa duka la mama, lile tulilokulia. Na usije ukauimba nikiwa sandukuni, nataka niusikie kwa masikio yangu."

"Utausikia, kaka. Ila acha nikutungie wa maana."

Tangu ujana Derrick alipiga gitaa kwenye baa, tena nyimbo za watu. Kutunga hakujua. Akaamua kujifunza kwa wimbo mmoja wa roki wa mwaka 1973, ambao zamani waliupiga pamoja, Neville akiwa kwenye ngoma. Akaufumua kama fundi anavyofumua koti kuukuu aone lilivyoshonwa. Nyuma ya kipande cha karatasi ya kupambia ukuta akachora kila ubeti: gitaa linaingia wapi, sauti inapanda wapi, maneno mangapi kabla ya kiitikio. Kila Jumapili alikwenda kwa Neville na karatasi ile, wimbo hakuna.

Jambo moja lilimshinda. Beti zote zilikuwa na mistari minne, lakini katika ubeti wa mwisho kiitikio kilidakia baada ya mstari wa tatu, na wa nne haukuimbwa kabisa. Derrick akaapa haandiki kitu kabla hajalielewa hilo.

"Bado unapima tu?" Neville alimuuliza mwishoni mwa Januari, sauti imebaki pumzi. "Mimi sishonewi suti."

Glenys, mkewe Neville, alicheka, kisha akageukia dirishani akafuta macho.

"Nimebakiza ubeti wa mwisho, kaka. Sielewi kwa nini kiitikio kinawahi."

"Mimi ndiye niliyekuwa nakipigia ngoma, niulize mimi. Jamaa aliyeutunga hakungoja maneno yaishe. Ndiyo maana watu walikuwa wanainuka vitini. Haya, niimbie ulichonacho."

"Sina kitu. Mstari mmoja tu, nao mbovu."

"Niimbie huo mbovu."

Derrick aliona haya. Akakunja karatasi yake, akasema Jumapili ijayo.

Neville alifariki Alhamisi asubuhi, Glenys akiwa jikoni anachemsha maji ya chai.

Kwenye nyumba ya kuchomea maiti kila familia hupewa nusu saa, maana nyingine inasubiri nje na maua yake. Derrick hakuwa na cha kuimba, ikabidi upigwe ule ule wimbo wa 1973. Alisimama mbele ya sanduku la kaka yake akihesabu mistari kwa mazoea. Ubeti wa mwisho ukafika. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kiitikio kikadakia, na pazia la kufichia sanduku likaanza kujifunga. Derrick alinyoosha mkono kana kwamba angelizuia. Sanduku halikuonekana tena.

Nje mvua ilikuwa inanyunya. Glenys alimshika kiwiko.

"Shemeji, ule mstari wako ulikuwa unasemaje?"

Derrick alisita, kisha akauimba kwa sauti ndogo: "Mama alifunga duka, taa akatuachia."

Glenys alimvuta karibu. "Ungemtosha huo," akasema. "Alikuwa anaungoja huo tu."

Derrick alijikunja pale pale kwenye kokoto, mikono miwili tumboni, akalia mbele za watu mtu mzima yule. Ama kweli, ngoja ngoja huumiza matumbo.