Sultani Alipokwenda Kukiona Choo cha Simai

Hapo zamani, wafalme walipokuwa na kazi chache na sheria nyingi, palikuwa na mji wa mawe ukiitwa Mavundeni, na sultani wake akiitwa Hafidhi. Sultani huyu alikuwa mwema sana, kwa ushahidi wa wale waliokula kwake. Basi siku moja akaalikwa karamu kwa tajiri mmoja, jina lake Nurdini, na katika kula na kunywa akashikwa na haja, akaelekezwa msalani. Humo akakuta birika jipya la kujengwa kwa mawe, la maji ya kuogea, limepambwa sahani za Kichina ukingoni, na ndani yake visamaki vinaogelea vikila viluwiluwi vya mbu. Sultani akatoka uso umemshuka, maana birika la jumbani kwake lilikuwa na nyufa, na samaki wake alikuwa mmoja, naye amekufa.

Kesho yake mpiga mbiu akapita mitaani. Ikawa marufuku kwa mtu yeyote kuongeza wala kupunguza jiwe chooni mwake bila ruhusa ya Sultani, na ruhusa haitolewi mpaka Sultani awe amekiona choo hicho kwa macho yake mwenyewe. Mbiu ikaeleza kwamba haya yote ni kwa afya ya raia, na raia wakashukuru, kwani walikuwa hawajui kama ni wagonjwa. Nurdini naye akaambiwa kwamba ameshaivunja sheria kabla haijatungwa, na hilo ni kosa kubwa zaidi. Jioni ile ile Sultani akaenda kwake na ngoma na askari na mpiga nyundo, akasimamia mwenyewe birika likivunjwa, akaona utamu wake. Tangu hapo, ikisikika kwamba mtu katengeneza choo kwa siri, Sultani hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe, na kubomoa alikupenda kuliko harusi. Ama wale walioomba ruhusa kwa adabu, hao waliambiwa wasubiri, na baadhi yao wanasubiri hata leo makaburini.

Katika mji huo alikuwapo msuka kamba aitwaye Simai. Watu walimwita Simai Hamnazo, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kuuliza maswali ambayo wenye akili zao huyaacha. Hakuwa na kitu ila nyumba kuukuu aliyoachiwa na babu yake, na mama yake mzazi, Bi Mize, ambaye Simai hakumpenda mtu duniani kuliko yeye. Choo cha nyumba ile kilikuwa cha kizamani, unashuka kwa kidato kimoja kirefu kama cha kupandia punda, sakafu yake imeota ukungu, na birika limejengwa juu, mtu hachoti maji mpaka ajinyooshe. Bi Mize akateleza hapo, akavunjika nyonga. Mungu akamjalia akapona, lakini kidato kile hakuweza kukishuka tena, ikawa majirani wa kike wanakuja kumpangusa kitandani kwa kitambaa.

Siku moja akamwambia mwanawe, "Simai, mimi sitaki mengi. Nataka kukaa kitako, mlango umefungwa, nijimwagie maji kwa mkono wangu, asiwepo mtu wa kunitazama. Mtu mzima kupanguswa kama chungu, baba, inaniuma kuliko nyonga."

Simai akalia, kisha akafuta machozi, akaenda barazani kwa Sultani. Akapiga magoti, akasema, "Bwana wangu mtukufu, naomba ruhusa nivunje kidato kimoja chooni kwangu, nijenge na kiti cha mawe kando ya birika, mama yangu apate kuoga."

Waziri Shekuwe, aliyekuwa mwangalizi wa vyoo vya dola ingawa hakupenda kuitwa hivyo, akamjibu, "Je, Bwana wetu amekwisha kukiona choo chenyewe?"

"Bado. Nami nimekuja kumkaribisha."

Baraza lote likainama kwa aibu. Sultani akasema, "Ewe msuka kamba, wanitaka mimi, mwana wa masultani, niingie chooni mwako? Sultani hana miguu ya kuzurura vyooni mwa watu. Kilete hapa, nami nitakitazama."

"Bwana wangu, ili nikilete itanilazimu nikibomoe kwanza. Na nikikibomoa bila ruhusa?"

"Utakatwa mkono."

"Na nisipokileta?"

"Hakuna ruhusa."

Simai akafikiri kidogo, akasema, "Nashukuru, Bwana wangu. Nilidhani sheria hii ni ngumu kufahamika." Akarudi kinyumenyume kwa adabu mpaka mlangoni, na baraza likacheka nyuma yake.

Sasa, mjini Mavundeni sakafu ya chokaa haikuwa kazi ya siri. Chokaa ikishamwagwa, majirani huitwa na fimbo zao, wakakaa safu kwa safu, wakaipiga huku wakiimba, tangu asubuhi mpaka ishike, na mtaa wa pili ukasikia kwamba kwa fulani kuna ujenzi. Basi Simai akatandika mkeka mbovu uani kwake, juu ya mchanga, akawaita majirani waje na fimbo. Wakaja, kwa kuwa wito wa sakafu haukataliwi. Jirani mmoja, Mwanashee, ambaye alikuwa mmoja wa waliokuwa wakimpangusa Bi Mize, akatazama huku na huku.

"Simai, chokaa iko wapi?"

"Inakuja na Sultani."

Mwanashee akawatazama wenzake, wakatikisa vichwa, lakini fimbo walikuwa wamekwisha kuzishika. Wakaanza kupiga, na Simai akawatungia wimbo:

*Piga sakafu ishike,*
*mama aoge achoke!*

Wakapiga na kuimba hata vumbi la mkeka likaruka juu ya ukuta. Habari ikafika jumbani kabla ya adhuhuri, na Waziri Shekuwe akaipeleka kwa bwana wake kwa furaha iliyomkosesha pumzi. "Yule Hamnazo ametengeneza choo! Mji mzima unasikia sakafu ikipigwa." Sultani hakungoja kumaliza chakula. Miguu ambayo juzi hakuwa nayo ikapatikana, akatoka na ngoma na askari na mpiga nyundo, na watu wakamfuata.

Simai akampokea mlangoni. "Karibu, Bwana wangu, nyumba ni yako." Akapaza sauti ndani, "Enyi wanawake, jistirini, dola inakwenda chooni." Pazia likashushwa. Sultani akapita kwa hasira moja kwa moja, akasukuma mlango wa choo, akatanguliza mguu akitafuta sakafu, asiione. Akapepesuka, akaukumbatia ukuta kwa mikono miwili.

Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya Bi Mize. "Shika huko kulia, mwanangu. Hapo kushoto ndipo nilipoangukia mimi."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Sultani akashika kulia, akashuka polepole, akasimama kwenye ukungu, akatazama. Akaona sakafu imepasuka vilevile, kidato vilevile, na birika juu kichwani pake. Hapakuwa na jiwe jipya hata moja.

"Ujenzi uko wapi?" akauliza.

"Ujenzi gani, Bwana wangu?"

"Mji mzima umesikia sakafu ikipigwa!"

"Ulikuwa mkeka. Uko uani, nao umetubu."

Waziri akasema kwamba mtu huyu ameifanyia dola mzaha, na dawa yake ni kukatwa kichwa. Simai akamgeukia kwa upole. "Waziri wangu, wewe ndiye mjuzi wa sheria. Yamo maneno yanayokataza mtu kupiga mkeka wake?" Waziri akatafuta kichwani mwake, asipate kitu, jambo ambalo wengi walilitazamia. Hapo Simai akapiga magoti juu ya kidato. "Bwana wangu, naomba kuuliza. Je, unakiona choo hiki?"

"Nimo ndani yake, nitaachaje kukiona?"

"Na unakiona kwa macho yako mwenyewe?"

"Kwa macho ya nani tena?"

"Basi sheria imetimia. Naomba ruhusa yangu."

Waziri akapiga kelele kwamba haiwezekani, kwani Bwana wao amekuja kubomoa, hakuja kukagua. Simai akamjibu, "Sheria ilitaka macho yake, na haya hapa. Mimi nilimwomba kwa heshima aje kutoa ruhusa, nikaambiwa hana miguu. Aliposikia kuna wa kuadhibiwa, alikuja mbio, chakula kikabaki mezani. Nami maskini nifanye nini, Waziri, ila kumwita bwana wangu kwa jina analoitikia?"

Watu walikuwa wamejaa mpaka uani, na wote wamesikia. Sultani akaona haya, akageuka ili atoke, akanyanyua mguu mara moja, ukashindwa kukifikia kidato, akanyanyua mara ya pili, ukashindwa. Ikambidi ampe mkono msuka kamba avutwe. Alipofika juu akihema, akalitazama pazia kwa muda.

"Mama yako huyu ana umri gani?"

"Alipokuwa mtoto alimwona babu yako, Bwana wangu."

Sultani akacheka, kwanza kidogo, kama mtu anayelipa deni, kisha akacheka kwelikweli, mpaka askari nao wakapata ruhusa ya kucheka. Akasema, "Ruhusa umepata. Na kwa kuwa mpiga nyundo ameshakuja, asirudi bure." Basi kidato kikavunjwa na nyundo ya dola, askari wakatumwa wakaleta chokaa ya jumbani, kiti cha mawe kikajengwa kando ya birika, na wale majirani wakaombwa wapige tena, mara hii pakiwa na kitu cha kupiga.

Lakini mambo hayakuishia hapo, kwa kuwa mji ulikuwa na masikio. Siku zile zilizofuata, kila mtaa ukaamka kwa mlio wa fimbo. Waziri akaja mbio kwa bwana wake, akasema raia wote wanaivunja sheria. Sultani akamuuliza, "Wanaivunja, au wananiita?" Waziri akasema hajui. "Basi nenda ukashuke choo kwa choo, ukishajua uniambie." Waziri akazunguka mpaka akachubuka magoti, na kila alikoingia alikuta mkeka, na mwenyeji mwenye adabu nyingi anayetaka macho ya Sultani. Mwisho mpiga mbiu akapitishwa tena, akatangaza kwamba Bwana wao, kwa huruma yake isiyo na mpaka, ameifuta sheria ya vyoo, na raia wamshukuru. Raia wakamshukuru, kwani hiyo ndiyo kazi yao.

Mbiu ilipofika mtaani kwao, Simai akaenda kugonga mlango wa choo. "Mama, toka usikie, Sultani anatutangazia huruma yake."

Ndani kata ya kuchotea maji ikagonga ukingo wa birika, maji yakamwagika, kisha Bi Mize akasema, "Mwambie angoje. Naoga."

Na hekaya hii imefika mlangoni hapo. Ikizidi, itakuwa imekosa adabu.