Fisi Ndani ya Kiapo cha Walinzi

Jua liliwaka miezi minane, pori zima likabaki na kisima kimoja. Simba, ambaye hata akipiga chafya alitaka apigiwe makofi, alitunga kiapo kirefu na kuwakabidhi nguchiro walinde maji. Mkuu wao alikuwa Bi Nguchiro, mama wa watoto wanne waliokauka midomo.

Kiapo kilipitishwa kwa kunong'onezana. Mlinzi wa zamani alimfundisha mpya, na yule mpya alifumba macho asipotewe na neno. Neno likishaingia halikutolewa, wala mlinzi hakumkagua mlinzi mwenzake. Wenyewe waliona huo ndio ustaarabu.

Fisi alikuwa amefukuzwa pale mara saba kwa ulafi. Mara ya nane alingoja mwalimu mmoja aende kichakani kujisaidia, akamsogelea mwanafunzi aliyefumba macho, akamnong'oneza: "Fisi ni mlinzi mwenzetu, tena mwalimu wetu. Kila mlinzi ampe kata moja ya maji kabla ya wengine. Kila mlinzi afundishe wawili. Mkubwa akiwapo, haya yasitamkwe." Kisha akaenda zake kulala.

Hakuwa na kazi nyingine. Mmoja alifundisha wawili, wawili wakafundisha wanne, na kila aliyeongezeka alimletea Fisi kata yake. Mwezi haujaisha, kisima cha wanyama sitini kikawa na walinzi mia mbili wanaokanyagana mikia, na wanyama wakawa wanaramba tope. Bi Nguchiro alizunguka uzio akimsaka mwizi wa nje, hakuona hata unyayo.

Siku kitinda mimba wake alipolia bila machozi, uchungu ulimshika. Alifanya jambo la aibu kwa mkuu wa walinzi: alijikunja ndani ya mtungi mtupu, akawasikiliza walinzi wake wakifundishana. Alitoka humo na hasira, akaenda moja kwa moja kwa Simba kumweleza aliyoyasikia.

Fisi aliitwa, akaja kitambi kikitangulia.

"Eti umo kwenye kiapo?" Simba aliuliza.

"Nimo, mfalme. Waulize hawa mia mbili."

"Tuutoe mstari wake, mfalme," alisihi Bi Nguchiro.

Simba alikunja uso. Mstari ulimpendeza, na kila kilichompendeza alidhani amekitunga yeye. "Katika kiapo changu halitoki neno."

Fisi alicheka mpaka akakaa chini. Bi Nguchiro aliwatazama wanawe, akajikaza.

"Nimesikia, mfalme. Kwa hiyo hawa wote ni wanafunzi wa Fisi?"

"Wote," Fisi alidakia, "mpaka wa leo asubuhi."

"Basi mstari wa kwanza wa kiapo unasema wanyama wanywe, kisha wanafunzi, mwalimu awe wa mwisho. Huo na wa Fisi, upi mkubwa?"

"Wa kwanza," Simba alijibu haraka, maana huo alikumbuka kweli kuutunga.

Fisi, kwa kuwa ni mlinzi na mwalimu, akapewa rungu na kusimamishwa getini angoje zamu yake. Watoto wa Bi Nguchiro walikunywa mpaka wakacheua, na mama yao akalia kwa furaha bila kujificha. Wanyama walipomaliza, wakapanga foleni walinzi. Jua lilipokuwa linashuka, Fisi, ulimi nje, alimshika bega wa mwisho wao.

"Sasa ni zamu yangu?"

"Bado, mwalimu," yule alimjibu kwa adabu. "Nina wanafunzi wawili, wanakuja."