Fisi Alipopiga Hodi kwa Chaza

Siku ile maji yalipokupwa, waliokuwapo ufukweni kando ya mikoko ni hawa. Alikuwapo Chaza, mwenye magamba mawili, aliyeshikamana na mwamba tangu utoto wake. Hakuwa na kichwa, wala hakulalamika. Alikuwapo Kombe, ambaye wengi humwita Chaza kimakosa. Kombe pia ana magamba mawili, lakini ana mguu mmoja, nao humtosha kuchimbia tope. Alikuwapo Tondo, wa jamii ya konokono: gamba moja lililosokotwa, kichwa, pembe mbili, na ulimi wenye meno. Alikuwapo Sungura. Wa mwisho kufika alikuwa Fisi.

Bara kulikuwa na ukame. Fisi alikuwa amemaliza mizoga, kisha mifupa, kisha ngozi ya kiti cha shemeji yake. Njiani alimwambia Sungura, "Pwani kukikosekana nyama, nitakula wewe." Sungura alisema amesikia.

Fisi akagonga gamba la Chaza. "Hodi! Nimetumwa na Simba. Fungueni milango niwape salamu zake."

Akagonga tena; gamba halikufunguka.

"Huyu ananidharau?"

"Hana masikio, bwana mkubwa," akajibu Tondo. "Na maji yakikupwa hafungui, maana atakauka. Yakimfunika hufungua mwenyewe, akayavuta ndani na kuchuja chakula chake. Mbona mate yanakudondoka?"

"Ni furaha ya kuwaona."

Kombe akatia mguu topeni, akauvuta mwili, akatoweka. Tondo akaingia ndani ya gamba, akafunga kifuniko. Chaza hakuwa na pa kwenda.

"Wawili wamejificha," Fisi akasema, akimtazama Sungura kuanzia masikio.

"Amebaki aliyenona, bwana. Simama papo hapo. Akifungua tu, tia ulimi umkokote nje."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa hapa mchangani, nisikuharibie karamu."

Maji yakaja, yakamfika Fisi kifundoni.

"Bado?"

"Bado."

Yakamfika magotini. "We Sungura, maji haya baridi!"

"Rudi basi, ukale kiti kilichobaki."

Mwamba ukafunikwa. Chaza akafungua, upana wa ukucha. Fisi akazamisha kichwa, akatia ulimi wote. Chaza ana msuli mmoja wa kufungia, nao haujui kazi nyingine. Akafunga.

Fisi akavuta. Mwamba haukuja. Akasema neno chini ya maji, likatoka mapovu.

"Salamu zimefika, bwana mjumbe?" Sungura akauliza, akangoja kidogo kwa adabu, kisha akaondoka.

Huko bara, habari zilipomfikia, Simba alitaka kujua ni nani aliyekuwa akitangaza salamu zake pwani bila kutumwa.

"Ni Fisi," Sungura akajibu. "Amekufa maji."