Sanduku Halirudi Tupu

Hadithi hii haina sungura wala fisi. Ina watu tu, na watu wananitosha. Anayetaka kucheka acheke mapema, maana mbele huko sitamngoja.

Katika jimbo moja la milimani walikuwako watu watatu wenye vipawa.

Wa kwanza ni Singano, fundi redio. Kipawa chake kilikuwa sikio. Akipita barabarani akasikia mgonjwa anakohoa ndani ya nyumba, alijua papo hapo kama kikohozi kile kitapona au kitazikwa. Hakuwa mchawi, na anayesema alikuwa mchawi ni mwongo. Alikuwa na sikio.

Wa pili ni Sikudhani, muuza viazi. Kipawa chake kilikuwa kilio. Akifungua kinywa msibani, hata aliyekuwa na kesi na marehemu alitafuta leso. Alimlilia asiyemjua kama aliyemzaa mwenyewe.

Wa tatu ni Hoza, seremala. Kipawa chake kilikuwa mkono. Akikuona mara moja tu sokoni, urefu wako na mabega yako vilibaki kiganjani mwake. Sanduku lake halikuhitaji kipimo, na lilikuwa tayari kabla wali wa waombolezaji haujaiva.

Na wa nne? Wa nne alikuwa Shemahonge, ambaye hakuwa na kipawa chochote. Ndiyo maana akagombea ubunge.

Mara ya kwanza alianguka vibaya. Alihutubia juu ya barabara, maji na bei ya chai mpaka sauti ikakauka. Watu wakala pilau yake, wakafuta midomo, wakampigia kura mwingine. Siku chache baadaye akaenda kumzika jirani yake, kwa vile hakuwa na kazi nyingine. Akashika jembe, akafukia kaburi. Nyuma yake akasikia mama mmoja akinong'ona, "Maskini, kumbe ni mtu wa watu!"

Mnong'ono ule ndio ulikuwa shule yake. Akawaita wale watatu.

"Singano, wewe utaniambia nani anaondoka. Hoza, utatangulia kuchonga. Sikudhani, utalia. Mimi nitafika kwa mfiwa kabla ya mchungaji. Siku nikichoka, mmoja wenu nitamshika mkono jukwaani, nimkabidhi kiti."

"Yupi?" akauliza Sikudhani.

"Atakayenifaa kuliko wenzake."

Akagombea tena, akashinda. Akashinda tena, na tena. Bungeni alisinzia. Zahanati ya bondeni ikaishiwa dawa, muuguzi akahama, paa likaanza kuvuja, na aliyetumwa kuisemea ni yeye. Hakuisemea. Mbunge anayeishi kwa misiba, zahanati ya nini? Watu walizika, wakalia naye, wakampigia kura, wakazika tena. Hakuna aliyeona kamba ile ya misiba na kura inavyozunguka, au waliiona wakanyamaza. Mimi nasema waliiona. Kwa sababu ilifika mahali, gari lake jeupe likisikika linapanda mlima, akina mama walikimbiza wagonjwa wao ndani na kuwaziba midomo kwa kanga, wasikohoe.

Uchaguzi mwingine ukakaribia. Safari hii Shemahonge alikuwa amechoka kweli. Alitaka kumpandisha mmoja wa watatu wale, lakini alihitaji msiba mkubwa wa kumwonyeshea. Na msiba mkubwa kuliko yote ulikuwa umelala kitandani, unakohoa: Bibi Tabita. Bonde zima lilikuwa damu yake, wana, wajukuu na vilembwe. Atakayemzika huyo amelitia bonde mfukoni.

Singano akaenda kusimama nje ya ua wake. Akarudi akasema, "Jua la kesho halimkuti."

Hoza akapiga randa. Sikudhani akafunga kitambaa cheusi.

Asubuhi, ukungu ukiwa mzito hata kuku hawaonekani miguuni, gari lilikwama kwenye tope la kona ya mwisho. Mbazi, mjukuu wa Bibi Tabita, alikuwa akitoka shamba. Hakujua ndani ya gari mna nini, akaweka jembe chini akasukuma. Waliokuwa ndani hawakumjali, walikuwa wakigombana.

"Bila sikio langu mngefika matanga yameisha," alisema Singano. "Ubunge huu nimeuleta mimi."

"Sikio limemliza nani?" Sikudhani akamkatiza. "Watu wanapiga kura kwa machozi, baba. Ubunge huu nimeuleta mimi."

"Machozi hukauka," alisema Hoza. "Sanduku wanalikumbuka mpaka leo. Ubunge huu nimeuleta mimi."

Mheshimiwa akacheka. "Na aliyewalisha wote ni nani?"

Gari likachomoka. Mbazi akabaki na tope kifuani. Hatua chache mbele akasikia kilio cha Sikudhani kikipasuka ndani ya ukungu, kikielekea nyumbani kwao. Akakimbia. Bonde zima likakimbia. Wengine walitupa mizigo njiani.

Hoza na Singano walikuwa wamekwisha kulivusha sanduku kizingitini. Humo ndani, kwenye kigoda kando ya moto, Bibi Tabita alikuwa ameketi akinywa uji.

Kilio kikakatika.

"Shikamoo, Bibi," alisema Shemahonge.

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hapana, Bibi, tumekuja... tumekuja kukujulia hali."

"Na hilo nalo limekuja kunijulia hali?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajuta. Kwa watu wa milima ile, sanduku likishavuka kizingiti cha mtu halirudi tupu. Likirudi tupu, hupita nyumba kwa nyumba likijichagulia. Usiniulize kama ni kweli. Wao waliamini, na Shemahonge alizaliwa hukohuko, aliamini pia. Uso wake ukawa kama majivu.

Bibi Tabita akanyanyuka peke yake, akalipapasa sanduku kwa kiganja. "Umenipatia vizuri, fundi. Hata nyonga zangu umezikumbuka. Lakini kikohozi kimeniacha usiku, na mimi silitaki. Litoeni hapo uani, lifungueni. Mbazi, funga lango."

Lango likafungwa. Bonde zima likasimama kuzunguka sanduku, na hakuna aliyewasogezea wageni viti.

"Haya," akasema Bibi Tabita. "Nani amelileta?"

Singano akasema, "Bibi, mimi nilisikia tu. Sikio halina mlango. Laiti lisingechongwa, lisingefika hapa."

Hoza akasema, "Mimi nilichonga tu. Ubao haumwiti mtu. Ningekaa nalo karakanani mpaka lioze. Lakini huyu mama ndiye aliyewakusanya watu kabla hatujapiga hata hodi."

Sikudhani akasema, "Mimi nililia tu! Tangu lini chozi likawa kosa? Nililia kwa sababu Mheshimiwa alinituma."

Mheshimiwa akasema, "Mimi nilifuata nilichoambiwa. Nimewazikia ninyi miaka yote hii. Nani mwingine aliwashikia jembe? Muulizeni Singano, yeye ndiye aliyenidanganya."

Mbazi akacheka kicheko kibaya. "Bibi, hawa nimewasukuma kwenye tope sasa hivi. Mle garini kila mmoja alisema ubunge ni wake. Mmoja kaleta kwa sikio, mmoja kwa chozi, mmoja kwa randa, na mkubwa wao kwa kuwalisha. Leo hapa hakuna aliyeleta hata msumari!"

"Kumbe," alisema Bibi Tabita. "Basi kazi ni nyepesi. Anayestahili kiti ndiye mwenye sanduku."

Sikudhani alikuwa akilia tena, lakini sauti haikutoka, na mara hii hakuna aliyetafuta leso. Hoza, bila kutaka, macho yake yalikuwa yakiwapima wenzake mmoja mmoja: mabega, nyonga, urefu. Ndipo ndani ya ukungu, kati ya wale wanne, mtu akakohoa. Kidogo tu.

Singano akageuza shingo taratibu. Alikijua kikohozi kile. Alijua ni cha nani, na alijua ni cha aina gani. Akaliziba sikio lake kwa kiganja.

Mzee mmoja wa ukoo akathubutu. "Shangazi, na sisi je? Sisi tuliompa kura kila mara, eti kwa kuwa alilia nasi?"

"Nyamaza wewe," alisema Bibi Tabita. "Zamu yenu inakuja. Kwanza hili."

Akavuta kigoda chake hadi mlangoni, akaketi, akamalizia uji wake, akangoja.

Mimi naishia hapo, na msinitazame hivyo, sikuficha kitu. Sasa semeni ninyi. Mwenye sikio alijua. Mwenye mkono alitengeneza. Mwenye kilio aliita. Asiye na kitu aliwatuma. Mngekuwa kwenye kigoda kile, mngemnyooshea nani kidole? Na msinijibu "wote", jibu la wavivu hilo. Sanduku ni la mtu mmoja.

Jibuni upesi. Liko wazi, na lango limefungwa.