Majani ya Ukuta wa Simba

Zamani, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kugombania visima kama sisi, kilitokea kiangazi kilichokausha kila kitu isipokuwa kisima cha Simba. Simba akatangaza kuwa kisima ni chake peke yake. Wanyama wakafunga virago wakaelekea mtoni, mwendo wa siku tatu.

Walibaki watatu. Sungura alibaki kwa sababu alikwisha kujipatia kazi ya kumpimia Simba maji. Fisi alibaki kwa sababu alikuwa mvivu wa kutembea na hodari wa kunywa. Kobe alibaki kwa sababu mwendo wa siku tatu wa wenzake ulikuwa wake wa miezi miwili, na kwa kiangazi kile lingefika gamba tu.

Simba naye alikuwa na shida yake. Alikuwa amejenga nyumba ya mawe, na ukuta mpana kuliko yote aliuelekeza magharibi ili wapita njia wauone. Hakufikiria kwamba jua nalo lingeuona. Kila alasiri ukuta ulipata moto, na ndani mkewe mjamzito alilala akihema.

"Mume wangu," alisema Bi Simba, "nimebakiza siku arobaini nijifungue. Siku hiyo ukuta huu ukiwa bado mtupu, nakwenda kujifungulia kwa mama."

Mama mkwe wa Simba alikuwa na mdomo. Simba akawaita Fisi na Kobe siku hiyohiyo.

"Nataka ukuta ufunikwe na mimea inayotambaa," alisema. "Fisi, nusu ya kulia. Kobe, nusu ya kushoto. Kila asubuhi Sungura atampa kila mmoja kata moja ya maji ya kunywa na kibuyu kizima cha kumwagilia. Siku ya arobaini nitakagua. Atakayenifurahisha atakunywa kisimani kwangu hadi mvua zije. Mwingine atashika njia ya mtoni."

Kobe aliitazama njia ya mtoni. Ilikuwa ndefu, na aliogopa sana.

Akaupapasa ukuta kwanza. "Ni laini," alisema. "Mmea wa kutambaa ni kama mtoto anayejifunza kusimama. Haupandi mpaka ushike kitu." Basi akasimamisha fito, akazifunga kwa kamba za mkonge, kikawa kichanja. Namna alivyofunga zile za juu hakuna aliyeiona. Alianza Jumatatu, Ijumaa akawa amemaliza.

Kisha akapanda dodoki, na pembeni yake pasheni, hatua kumi kutoka ukutani. Hatua za Kobe, yaani. Udongo wa chini ya mawe hukauka mapema.

"Mbona miwili?" aliuliza Sungura.

"Dodoki hukua upesi na kufa upesi. Litamkinga mwenzake jua akiwa mdogo. Pasheni haina haraka, lakini ikishakaa imekaa."

"Na wewe, Fisi, umechagua mmea gani?"

"Bado nachagua," alisema Fisi, akanywa maji ya kumwagilia mpaka tone la mwisho.

Kesho yake alfajiri Fisi aliingia korongoni, ambako mimea ilikuwa bado mibichi. Akakata mirefu mirefu, akaitundika ukutani, akaikandamiza juu kwa mawe na kuchomeka ncha zake ardhini. Simba, ambaye alipenda kutembea kabla ya joto, alikuta nusu ya kulia kijani kitupu. Nusu ya kushoto ilikuwa na fito.

"Siku moja tu!" alisema Simba. "Kobe, unamwona mwenzako?"

"Namwona, Bwana Mkubwa."

Ikawa hivyo kila siku. Majani yalinyauka kila alasiri, Simba akiwa amelala, na alfajiri Fisi akaleta mengine.

"Fisi," alisema Sungura, "jana majani yako yalikuwa mapana. Leo ni membamba."

"Huu ni mmea wa ukoo wetu. Hubadili nguo."

"Na ulikuwa na maua ya zambarau."

"Hiyo ilikuwa Ijumaa."

Simba alifurahi mno. Hakuna simba mwingine aliyekuwa na mmea unaobadili nguo.

"Upande wa kulia unaniunguza," alilalamika Bi Simba.

"Mke wangu, upande wa kulia ndio wenye majani."

Bi Simba akahamishia mkeka wake kushoto. Huko dodoki la Kobe lilikuwa limefika dirishani.

Siku ya arobaini Bi Simba alisema ukaguzi ufanywe alasiri, kwa kuwa yeye huungua alasiri. Fisi alizunguka korongo lote asubuhi ile asipate hata jani. Alikuwa amelimaliza. Adhuhuri, Kobe akiwa amejifungia gambani kwa joto, Fisi akalivamia dodoki lake, akalikata shina kwa meno na kulivuta. Lakini dodoki lilikuwa limeshika. Vikono vyake vilijisokota kwenye kichanja na havikuachia, basi likaja na fito na kamba zake. Fisi akalitundika lote upande wake.

Kobe alipotoa kichwa alikuta dodoki lake halipo ukutani. Alilia bila kujificha.

Alasiri Simba alifika na mkewe.

"Hilo ni dodoki langu," alisema Kobe.

"Wivu," alisema Fisi.

Sungura akasogea. "Fisi, mmea wako umeota kamba?"

"Ni aina inayoota kamba."

"Na mafundo?"

"Na mafundo."

"Ajabu!" alisema Simba. "Niambieni, nani mwingine ana mmea wa namna hii?"

Bi Simba alishika shina moja kwa kucha mbili, akavuta. Dodoki likaanguka, likafuatiwa na mawe, kisha takataka kavu za siku zote zilizopita, zote juu ya kichwa cha Fisi. Hapakuwa na mzizi hata mmoja.

"Na maji yangu?" aliuliza Simba polepole. "Vibuyu vyote vile?"

Fisi aliangalia tumbo lake.

Sungura alikuwa amekwenda upande wa kushoto. "Bwana Mkubwa, njoo uone." Pale dodoki lilipokuwa, pasheni ilikuwa imesimama, changa na kijani, imeshika fito mbili zilizosalia. Ilifika kiunoni mwa Simba.

"Kobe atakunywa kisimani," alisema Bi Simba kabla mumewe hajafungua mdomo. "Pasheni itafika juu. Ila mimi najifungua leo au kesho, na kivuli nakitaka sasa. Fisi, simama ukutani. Nyoosha mikono. Utasimama hivyo kila alasiri mpaka pasheni ikufikie."

Fisi alisimama miezi mitano. Kila siku Sungura alimletea kibuyu chake kizima cha maji, hakupunguza hata tone, akamwagia miguuni.

Siku za mwizi ni arobaini.