Shangazi Mbano Alala Mferejini

Shangazi yangu Mbano, mwanamke mfupi kuliko jembe lake, alimshinda bosi wa mgodi wa makaa ya mawe akiwa amelala chali.

Bosi huyo, Kihwele, alikuwa Mhehe wa miraba minne, yaani mtani wetu sisi Wangoni. Alikuwa anachimba mfereji wa kumwaga tope jeusi kwenye kijito tunachomwagilia mpunga. Shangazi akaja na mkeka kwapani.

"Mtani, kaburi refu hivi ni la nani?"

"La kijito chenu," Kihwele akajibu, vibarua wakacheka. "Tunakizika leo."

"Kumbe kaburi kweli?"

"Kaburi. Anza kulia."

Shangazi akashuka mferejini, akatandika mkeka, akajilaza.

"Toka, mama, tuna kazi."

"Mtani akilala kaburini hatoki mpaka apewe anachotaka, hata kwenu Iringa mnajua. Au nimpigie mama yako simu kwamba umemnunia mtani msibani?"

Vibarua, Wahehe watupu, wakaweka machepe chini. Kihwele akajikuna kisogo.

"Haya, unataka nini?"

"Marehemu afufuke. Tope lichimbieni bwawa nyuma ya ofisi yako."

Mpaka leo mpunga wetu ni kijani, na Kihwele anakula chakula cha mchana madirisha yamefungwa.